Barua ya wazi: Cabinda, Lesotho na Réunion zisiitwe jina moja

Kwa Mkurugenzi wa Istilahi za Jiografia,

Ndugu Mkurugenzi, miswada inayopita mezani kwako huzitaja Cabinda, Lesotho na Réunion kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja: mara enklavu, mara koloni, mara "eneo lililotengwa". Hizo ni hali tatu tofauti. Kuzichanganya hakuishii kwenye maneno, kunaharibu pia ramani na hesabu za ukubwa wa nchi.

Tunaomba kila mahali papimwe kabla ya kupewa jina. Swali la kwanza: je, ardhi ya nchi husika inaendelea hadi hapo, au imekatwa na ardhi ya nchi nyingine? Ikiwa imekatwa, hiyo ni eksklavu. Cabinda ni ya Angola, lakini ukanda wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unaoshuka hadi baharini umeitenga. Swali la pili: nani kaizunguka? Neno enklavu libaki kwa mahali penye jirani mmoja tu, pasipo na pwani. Cabinda ina Kongo zote mbili pembeni na Atlantiki mbele, hivyo si enklavu. Nakhchivan ya Azabajani haina pwani, lakini inapakana na Armenia, Iran na Uturuki. Nayo inakosa sifa. Lesotho ni enklavu kamili, ila haiwezi kuwa eksklavu, kwa sababu ni dola yenyewe na haikumegwa kutoka nchi yoyote iliyopo leo. Gambia, yenye mlango wa bahari, iitwe nusu enklavu.

Llívia ni vyote viwili, mji wa Hispania ndani ya Ufaransa. Baada ya Mkataba wa Pirenei wa 1659, vijiji 33 vya bonde la Cerdanya vilikwenda Ufaransa. Llívia ikabaki kwa kuwa ilihesabiwa mji, si kijiji.

Waandishi wengi huteleza kwenye suala la barabara. Bonde la Kleinwalsertal limeungana na Austria kwa ardhi, ila milima imeziba na gari huingilia Ujerumani. Kwenye ramani si eksklavu, ingawa kwa mambo ya usafiri linaishi kama eksklavu. Kinyume chake, daraja la Pelješac lililofunguliwa 2022 linamfikisha msafiri upande wa Dubrovnik bila kupita Bosnia, lakini ardhi ya Kroatia ingali imekatwa palepale Neum, mji wa pwani wa Bosnia. Kigezo ni mpaka.

Koloni ni habari ya utawala, wala haihusu umbali. Réunion iliacha kuwa koloni 1946 ilipofanywa mkoa wa Ufaransa. Leo ni mkoa wa ng'ambo. Alaska ni jimbo la Marekani tangu 1959, na ni eksklavu. Ubalozi si lolote kati ya hayo: Mkataba wa Vienna wa 1961 unalinda majengo yake, lakini ardhi inabaki ya nchi mwenyeji.

Sasa ramani. Anayechora Afrika Kusini kwa kompyuta bila kutoboa tundu la Lesotho ameiongezea nchi hiyo zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na mji wa Maseru utahesabiwa katika nchi mbili. Anayeichora Angola kama umbo moja ameipoteza Cabinda. Lazima liwe umbo la vipande vingi. Halafu kuna skeli. Katika 1:1,000,000, kiwanja cha mita 100 kwa 100 kina upana wa milimita 0.1, chembamba kuliko wino wa mpaka wenyewe. Ndiyo maana mji wa Baarle, wenye vipande 22 vya Ubelgiji ndani ya Uholanzi na vingine vya Uholanzi ndani ya hivyo, hutoweka kabisa. Utengewe ramani ndogo ya pembeni, 1:25,000 au kubwa zaidi.

La mwisho ni la haraka. Enklavu 111 za India na 51 za Bangladesh zilibadilishwa 2015; nje ya hesabu hiyo, enklavu ya Dahagram-Angarpota ilibaki ya Bangladesh. Ramani zinazoendelea kuzichora nyingine zirekebishwe kabla ya chapa ijayo.

Wachora ramani na wahariri wa atlasi