Gesi ya AC haiishi, inavuja: kwa nini tunatoza hela ya kupima

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye IST alitoka hapa gereji amenuna. Alifika asubuhi na ombi moja tu: "Naomba mnijazie gesi." Nikamwambia sawa, ila tunaanza na kupima, na kupima ni elfu thelathini. Akaniangalia kama nimemwomba figo. "Mpime nini tena? AC haitoi baridi, gesi imeisha. Mtaani kwetu wananijazia kwa elfu hamsini na hakuna anayepima kitu."

Alilipa, tukapima, tukamwambia ugonjwa, na hapo ndipo aliponuna zaidi. Jioni akatuma meseji ndefu kwamba tuna tamaa.

Si wa kwanza. Kila joto la Dar linapoanza kupanda, kuanzia Novemba hivi, maneno hayo nayasikia karibu kila siku. Kwa hiyo nayajibu hapa mara moja, nisiwe nayajibu kila asubuhi nikiwa na spana mkononi.

Gesi ya AC si petroli. Hailiwi. Ile R134a inayotiwa kiwandani ndiyo hiyo hiyo inayozunguka miaka yote: kompresa inaibana, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza mpaka inakuwa maji, inapita kwenye draya inayonyonya unyevu, halafu ekspansheni, ile vali yenye tundu jembamba, inaipuliza ndani ya kuling koili iliyojificha kwenye dashibodi. Pale inageuka hewa tena, inanyonya joto la ndani ya gari, halafu inarudi kompresa kuanza upya. Ni kweli mipira na sili ya kompresa huachia kidogo kidogo, na gari la miaka kumi na tano linaweza kupungukiwa bila tundu la kuonekana. Sikatai. Lakini gesi iliyojazwa Januari ukaambiwa Machi "imeisha tena", hiyo kuna mahali inatokea. Dada wa IST alikuwa amejaziwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Piga hesabu mwenyewe: laki na nusu imepaa hewani, na AC bado inatoa upepo wa moto.

Sasa, kupima ni nini.

Tunaanza na maswali, na wateja wengi hudhani tunapiga soga. Nikikuuliza "haitoi baridi wakati gani?" nina maana yangu. Ukiniambia barabara ya Bagamoyo usiku gari likichanganya baridi inakuja, ila ukikwama foleni ya Mwenge inageuka joto, mawazo yangu hayaendi kwenye gesi kwanza. Yanaenda kwenye feni. Gari likiwa mwendoni upepo wa barabarani unaipoza kondensa. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni peke yake. Kijana mmoja wa teksi mtandao alikuja na Passo yenye tabia hiyo hiyo. Alishajaziwa gesi mara mbili, gesi juu ya gesi, na hakuna aliyeinama kuangalia kama feni inazunguka. Feni ilikuwa imekufa, kaboni zimeisha. Presha ikapanda mpaka mpira mmoja ukapasuka akiwa na abiria ndani. Mota ya feni ya used ingemgharimu hela ndogo. Akaishia kununua mota, mpira, na gesi mara ya tatu.

Baada ya maswali tunafunga geji za presha, moja upande wa chini na moja upande wa juu wa mfumo. Gari likiwa limezimwa, kwa joto la hapa kwetu la digrii 30 hivi, pande zote mbili husoma karibu psi 95 hadi 100. Na hapa niseme kitu ambacho hata baadhi ya mafundi hawakijui au wanajifanya hawakijui: namba hiyo haikuambii gesi ni nyingi au kidogo. Ilimradi ndani kuna maji ya gesi hata kidogo, presha ya gari lililozimwa inafuata joto la siku tu. Kwa hiyo fundi akikuonyesha geji gari limezima akasema "umeona bosi, imejaa", usiondoke bado. Mwambie awashe.

Likiwaka ndipo geji zinapoanza kuongea. Upande wa chini ukikaa kwenye psi 30 na kitu, wa juu ukapanda 200 na zaidi kulingana na jua, mambo si mabaya. Pande zote zikiwa chini, gesi imepungua. Zote zikiwa juu mno, feni, kondensa chafu, au mtu amezidisha gesi. Wa chini ukipanda na wa juu ukakataa kupanda, kompresa imechoka. Wa chini ukizama mpaka sifuri na kupita, kuna mahali pameziba, mara nyingi ekspansheni. Hizo ni shida tofauti kabisa na dalili ya mteja ni moja: "haitoi baridi."

Kama imepungua, tunatafuta inapotokea. Gesi inapotoka hutoka na oili, na vumbi la kwetu linapenda oili, kwa hiyo jicho linaanza kutafuta doa jeusi lenye unyevunyevu kwenye maungio, kwenye oringi, mbele ya klachi ya kompresa, ile inayoishikisha na mkanda. Tusipoona, tunatia naitrojeni, tunapaka povu la sabuni, tunangoja. Mshale wa geji ukishuka nusu saa hiyo na povu halijatoka popote kwenye boneti, macho yote yanahamia dashibodi. Kwa IST ile tulitia gesi kidogo, tukaizima, tukaweka kipimo cha kunusa kwenye kile kimpira cha kumwagia maji ya AC chini ya gari. Kikalia hapo hapo. Kuling koili imetoboka. Ndiyo maana hao waliomjazia mara tatu hawakuona kitu. Tundu liko mahali pasipoonekana bila kushusha dashibodi.

Yeye akasikia "kushusha dashibodi" akajua ameingia mikononi mwa wezi. Namwelewa. Ningekuwa mimi pia ningenuna.

Hela ya kupima ni 30,000, na ukifanyia kazi hapa tunaikata kwenye bili. Ukiamua kwenda kwingine, unaondoka na karatasi yenye namba za geji na mahali panapovuja, na fundi yeyote mwenye akili ataitumia. Kuna siku kupima kumekuwa karibu ndiyo bili nzima. Kaka mmoja anayesafirisha kuku kwa Probox alikuja analia kompresa, kaambiwa aandae laki tano. Geji zilikuwa safi kabisa. Nikafungua kile kisanduku cha mbele ya abiria, nikavuta filta ya hewa ya ndani: imejaa manyoya ya kuku, imekuwa mto wa kulalia. Upepo utapita wapi? Tukatoa filta, tukaweka mpya, akalipa kupima na filta, kwaheri. Yako nayo ivute uitazame, haihitaji fundi. Na ukienda kuosha gari waambie wasilenge kondensa kwa mashine ya presha karibu. Vile vibati vyake vyembamba vinalala, hewa haipiti.

Tukishaziba panapovuja hatujazi hapo hapo. Tunavuta vakyumu, nusu saa ikiwa kazi ni ndogo, saa nzima na zaidi kama mfumo ulikaa wazi. Hapa ndipo mteja anaanza kuangalia saa, kwa sababu kuna watu wanamaliza kazi nzima kwa dakika kumi: wanapuliza gesi kidogo "kutoa hewa", wanafunga, wanajaza. Hewa ya Dar imejaa unyevu. Ukiubakiza ndani, tone dogo linaganda kwenye ekspansheni, AC inatoa baridi dakika ishirini, inakata, ukizima ukawasha inarudi, na wewe unahangaika kwa mafundi wa umeme. Unyevu huo huo ukikaa na oili unazaa asidi inayokula chuma polepole. Pampu ya vakyumu inashusha presha mpaka maji yanachemka kwa joto la kawaida na kutoka kama mvuke. Hakuna njia ya mkato. Umeme ukikatika katikati, tunawasha jenereta na kuanza upya, na muda huo sijawahi kumtoza mtu.

Halafu tunajaza kwa mizani. Chini ya boneti kuna karatasi inayosema gari linataka gramu ngapi. Gari dogo mara nyingi ni kati ya 400 na 500. Noah na Alphard zenye AC ya nyuma zinakunywa zaidi sana, ndiyo maana bei yake si ya Vitz, na sio kwamba tumeona gari kubwa tukaona mfuko mkubwa. Ikizidi, baridi inapungua vile vile kama ikipelea.

Kati ya njia za mkato zote, inayoniuma zaidi ni ya kuunga waya. Kompresa ina ulinzi: gesi ikiisha, swichi ya presha inakata umeme wa klachi ili kompresa isizunguke kavu. Fundi wa haraka anaona klachi hailii "tak", anachukua kipande cha waya, anapeleka umeme moja kwa moja. Inalia. Mteja anafurahi. Mzee wetu mmoja wa Harrier alifanyiwa hivyo akaanza safari ya Morogoro. Gesi inabeba oili, bila gesi hakuna oili inayofika, na kompresa ilisaga mpaka Chalinze ikashika. Aliletwa hapa mkanda umekatika. Nilipofungua bomba, kilichotoka hakikuwa oili, kilikuwa kama rangi ya geti, ya fedha, nzito; nikachovya kidole nikamwonyesha kiking'aa. Ni chuma kilichosagika, na kimeshatembea mfumo mzima.

Nikamwambia: mzee, hapa ni kompresa, kondensa, draya, ekspansheni, na kusafisha mabomba. Jumla ilipita milioni. Akasema nibadilishe kompresa tu, nyingine "tutaona mbele ya safari". Nilikataa. Kondensa za siku hizi zina vinjia vyembamba kama sindano, chuma kikiingia hakioshiki. Akaenda kwingine, akafungiwa kompresa ya used. Wiki ya tano akarudi nayo imekufa kwa uchafu ule ule. Tukafanya kazi yote, sasa kwa bei ya kompresa mbili.

Dawa za kuziba za kwenye kopo sitaki hata kuzisikia. Zinaganda zikikutana na hewa na unyevu, na mara nyingine zinagandia ndani ya ekspansheni, na zikiingia kwenye mashine yangu zinaiua nayo. Kama uliwekewa, sema kabla sijafunga geji. Sitakugombeza.

Kuhusu mitungi ya gesi ya bei ya kutupa: mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa na gesi feki yalilipuka Vietnam na Brazili na kuua wafanyakazi. Gesi ile ilikuwa inashambuliana na alumini ya kompresa. Tangu nisome habari hiyo, mtungi nisioujua ulikotoka hauingii humu, hata uwe nusu bei. Na wenye Aqua, Prius na haibridi nyingine, muulizeni fundi wenu anatia oili gani. Kompresa yenu inaendeshwa na umeme mkubwa na inataka oili ya POE. Ukitia oili ya kawaida ya PAG, kinga ya umeme inashuka na gari linaanza kuwasha taa za hitilafu.

Nasi hukosea. Miaka michache nyuma niliandika kompresa mbovu kwenye Premio, tukabadilisha, kumbe relei ndiyo ilikuwa inakata na kurudi. Nilimrudishia mwenye gari hela ya ufundi na ile kompresa yake ya zamani nikaifunga tena. Tangu hapo relei na fyuzi tunazipima kabla ya kugusa chochote, na hilo nalo limo ndani ya ile elfu thelathini.

Dhamana yetu ni miezi mitatu kwa tulichogusa, mwezi mmoja kwa spea ya used, kwa sababu kompresa ya used ya Japani ni kama kununua papai: unaligonga, unalinusa, lakini ndani huoni.

Yule dada wa IST alipiga simu juzi. Amezunguka gereji mbili na ile karatasi yetu, zote zimemwambia ni kuling koili, moja kwa bei ya juu kuliko yetu, nyingine ikataka kwanza imjazie gesi. Anakuja Jumamosi. Gari litalala, tutamrudishia Jumapili mchana. Amesema sawa, ila tusije tukampotezea skrubu dashibodi ikaanza kupiga kelele. Skrubu za dashibodi tunazipanga kwenye trei ya mayai, kila shimo na namba yake, na tukimaliza trei lazima ibaki tupu.