Nimepita 40, na atachimenti pia nataka

Mhariri,

Kuna msomaji aliandika hapa wiki jana akisema ati mtu akishapita miaka 40 aache kurudi shule kusomea ufundi, hizo kazi awaachie vijana wasio na ajira. Hio barua niliisomea kwa matatu nikitoka Umoja, kifuko cha tesita na plaisi kwa magoti, nikacheka peke yangu mpaka aliyekaa kando yangu akasongea dirisha.

Mimi nilikua karani wa stoo miaka 17. Kampuni ikapunguza watu nikajipata nyumbani na miaka 42, watoto watatu na deni la sacco. Nikaomba kazi za ofisi karibu mwaka mzima, hakuna. Ndio nikaingia kusomea stima.

Darasani sikuona shida sana, hesabu za volti na ampea mtu wa stoo hawezi kuziogopa. Shida ni macho, maandishi ya pale kwa waya yanayokuambia unene wa waya ni milimita mraba 1.5 ama 2.5 siyasomi bila miwani, na magoti nayo ukichonga ukuta wa kupitisha paipu kutwa nzima, jioni ngazi unashuka kinyumenyume. Lakini kilichoniuma ni atachimenti, yaani yale mafunzo ya kazini mwanafunzi anaenda kufanya kwa kampuni. Nilizunguka na barua ya chuo kwa makontrakta kutoka Industrial Area mpaka Westlands, na mahali kwingine dada wa risepshoni akaipokea akaniuliza, "Mzee, kijana mwenyewe yuko wapi?" Alidhani nimemletea mtoto wangu! Nikamwambia kijana mwenyewe ndio mimi. Sikupigiwa simu.

Aliyenichukua mwishowe ni kijana wa miaka 26 ambaye ako na leseni yake ya ufundi stima kutoka EPRA, mamlaka ya kawi. Namuita bosi, yeye ananiita mzee, tunaelewana.

Sasa huyo msomaji nimpe kisa kimoja. Tuliitwa Pipeline kwa ploti moja ghorofa ya nne, shawa ya moto inakata kata. Shawa yenyewe ni ya wati kama 5,000, gawanya kwa volti 240 unapata karibu ampea 21, na fundi aliyetangulia alikua ameilisha na waya wa 1.5, ule wa taa. Breka ilipokua inajizima kila saa akatoa ile ndogo akaweka ya 32. Breka kazi yake ni kulinda waya, kwa hivyo ukiweka kubwa kuliko waya, waya utaungua na breka bado imekaa tu hapo haijui kitu. Tulifungua konekta, pale waya zinapounganishwa, tukakuta plastiki imekua nyeusi, ukiigusa inavunjika kama ganda la muhogo wa kuchoma. Na mama anaogesha mtoto hapo kila asubuhi.

Keateka, msimamizi wa ploti, alitaka tubadilishe konekta tu twende, ati lendilodi hana pesa ya kuvuta waya mpya wa 6.0 na ethi yake, ule waya wa usalama unaoenda ardhini, kutoka kwa boksi ya breka. Bosi wangu alianza kulegea, si unajua kijana akifokewa na mtu wa umri wa baba yake. Mimi na keateka ni rika, nikamvuta pembeni nikamwambia mzee mwenzangu, huyu mtoto akipigwa na stima huku, polisi wataanza na wewe mwenye funguo kabla wamfikie lendilodi. Akapiga simu hapo hapo. Tulirudi kesho yake na waya.

Hio kazi vijana wawili peke yao wangeimaliza kwa konekta ya shilingi hamsini, na sisemi hivyo kuwadharau kwa sababu ufundi wenyewe ni kijana amenifunza.

Ninachoomba ni makontrakta wasitupe barua ya atachimenti wakiona tu mwaka wa kuzaliwa. Mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, nimefanya, naelekea leseni, na huko wanataka kuona umefanya kazi wapi. Tutafanyia wapi na milango imefungwa?

Na huyo msomaji, kama kuna soketi inatoa cheche huko kwake, mhariri ako na namba yangu. Jumapili sifanyi.

Karani wa zamani,
Umoja, Nairobi