Kuhusu vali ya mama

Rehema ndugu yangu,

Pole na hekaheka za hospitali. Umeniuliza kuhusu vali ya aota ya mama, ule mlango wa kutokea damu moyoni uliokakamaa kwa chokaa: apasuliwe kifua ibadilishwe, au awekewe mpya kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Naona hiyo ya mrija unaiona ya kubahatisha. Hapo nakukatalia. Profesa Alain Cribier aliifanya mara ya kwanza Ufaransa mwaka 2002, enzi hizo kwa wale tu ambao kisu wasingekistahimili. Lakini mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2021 uliipa kipaumbele kwa wenye miaka 75 na zaidi, mradi mishipa ya mapajani inapitika. Mama ana 79.

Akipasuliwa, mfupa wa kidari unakatwa kwa msumeno, moyo unasimamishwa, mashine inasukuma damu, vali iliyojaa chokaa inatolewa na mpya kushonewa. Kuna ya kidonda kidogo pia, mfupa hukatwa nusu, ila moyo husimamishwa vilevile. Mfupa huo huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga, na muda huo haruhusiwi kujisukuma kwa mikono anapoinuka. Na magoti yale, mama atainukaje kitini?

Kwa mrija, vali ya zamani haitolewi. Mpya hukunjwa, ikapandishwa kutokea kinenani, ikafunguliwa ndani ya ile ya zamani na kuibana ukutani. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache. Ubaya wake ndio huohuo ubanaji: pengine damu huvuja pembeni, au njia ya umeme wa moyo inayopita jirani hapo inaumia na mgonjwa anahitaji kifaa cha kuendesha mapigo. Kiharusi kinaweza kutokea kwa njia zote mbili, usidanganywe.

Angekuwa na miaka 60 ningehofia vali kuchakaa mapema maishani mwake. Kwa mama, mimi naegemea mrija. Nitabadili mawazo wakikuta mishipa inayolisha moyo wenyewe imeziba kiasi cha kuhitaji kupandikizwa mingine. Hapo bora wamalize yote kwa kisu kimoja.

Kwa hiyo msikubali tarehe yoyote kabla ya picha ya CT ya moyo na mapaja. Ikitoka, waombe daktari wa upasuaji na yule wa mrija wakae pamoja na mama mwenyewe, siyo nyie watoto peke yenu. Akili anazo, aulizwe.

Mpe shikamoo yangu.

Wako,
Zuhura