Nyumba ya Babu isiguswe kwanza

Shikamoo Kaka.

Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa kutaka nyumba ya Babu iuzwe niliupata tangu Jumanne. Nimechelewa kujibu kwa ajili ya zamu za usiku, si kiburi kama anavyosema Baba Mdogo.

Jumapili nilipumzika. Mwenzangu wa kazini akanipakia kwenye gari lake tukaenda kuitazama nyumba ya kale huku huku Kent, Uingereza, yaitwa Ightham Mote. Kaka, ina karibu miaka 700! Imezungukwa na handaki la maji, unaingia kwa daraja. Vyumba zaidi ya 70, na kanisa ndani kwa ndani, dari lake la mbao limechorwa mawaridi tangu enzi za mfalme Henry wa Nane. Nimepita humo na lile koti langu jipya. Picha anazo Mwanaidi, mwambie awaonyeshe wote, hasa mama mkwe wake.

Lakini kilichonishinda kilikuwa uani. Pana banda la mbwa, la mbwa mmoja aliyeitwa Dido, na banda hilo linalindwa na sheria katika daraja la kwanza, sawa na nyumba yenyewe. Banda la mbwa! Na sisi nyumba ambayo Babu alichoma tanuri la chokaa kwa mikono yake tunataka kuiuza ipigwe nyundo, zijengwe fremu za maduka.

Msiniambie boriti zimeoza. Za kule pia zilioza. Kuanzia 1989 hadi 2004 waliifungua kipande kwa kipande, wakaandika kila kitu kilikaa wapi, mbovu ikatoka, nzima ikarudi mahali pake. Zaidi ya pauni milioni 10. Sisi tunadaiwa boriti za mikoko na fundi mmoja anayejua chokaa.

Mwenye nyumba wa mwisho alikuwa Mmarekani, Charles Henry Robinson. Aliipenda tangu ujanani, akaja kuinunua 1953 ikiwa hoi. Wanasimulia kwamba akiwa melini kurudi kwao aliingiwa na woga, akaandika barua ya kujitoa, akakosa stempu. Barua haikwenda, nyumba ikawa yake, na alipofariki 1985 akaiacha kwa National Trust, shirika linalotunza nyumba za kale. Majivu yake yamo humo humo.

Nami nikuambie ukweli, usimwambie Mama. Jumanne ile niliandika "uzeni tu, fungu langu mpeni Mama", nikasinzia kwenye basi kabla ya kuutuma ujumbe, simu ikiwa mkononi. Jumapili usiku nikaufuta.

Unajua kule ukumbini kulinukia nini? Chokaa na mbao kuukuu, harufu ya chumba cha Bibi masika. Machozi yakanitoka, mzee anayeongoza wageni akadhani ni baridi, akanisogezea kiti.

Basi natuma laki tano, za boriti tu. Zinapitia kwako, zisipitie kwa Baba Mdogo. Yale ya bati za msikiti sijayasahau. Na karatasi yenu ya kuuza siweki sahihi. Akitaka kunisema barazani, anaujua mlango wa baraza, ni wa Babu huo huo.

Nipigie picha paa kwa ndani, upande wa ghala. Na ule mlango wa nakshi, bado unakwama?

Mdogo wako