Risala ya Wanamuziki Wakongwe wa Dansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Marehemu Mzee Muhidin Maalim Gurumo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, familia ya marehemu na wapenzi wa muziki wa dansi, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kukaa na wazee.

Tunayemkumbuka leo, mwimbaji wetu Maalim Gurumo, alizaliwa Masaki, Kisarawe, mwaka 1940. Mwaka 1964 alikuwa NUTA Jazz, bendi ya jumuiya ya wafanyakazi, ambayo baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na mashabiki wakaibatiza Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioanzisha bendi ya Mlimani Park, maarufu kwa jina la Sikinde. Mwaka 1985 akaenda bendi ya Orchestra Safari Sound, na mwishowe akarudi nyumbani Msondo. Alistaafu 2013 akiwa ameimba kwa nusu karne, akafariki Aprili 2014 katika Hospitali ya Muhimbili.

Kikundi chetu nacho kimepiga hatua kubwa. Tuna katiba, tuna akaunti ya benki, tuna gitaa la besi na spika zetu wenyewe, na vijana wengi wa mtaani wamejifunza kupiga ala kwetu bila malipo. Mafanikio haya ni ya kujivunia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwa jambo moja tu. Tunaomba bima ya afya kwa wanamuziki wazee.

Wakati Maalim anaanza, bendi ya jumuiya ilikuwa ajira: mwanamuziki alilipwa mshahara. Hali ilipobadilika, bendi zikabaki kutegemea kiingilio cha mlangoni. Ukumbi ukijaa mnagawana, mvua ikinyesha mnarudi nyumbani na vyombo vyenu. Hatuna mwajiri wa kutukatia mchango wa bima. Wengi wetu sasa tuna kisukari, presha na vifua vilivyochoka kwa kupuliza tarumbeta na saksafoni usiku kucha kwenye moshi wa sigara.

Tunaijua Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na dirisha la wazee hospitalini tunalipita. Daktari tunamwona, tunashukuru. Lakini tukifika kwenye dawa tunaambiwa hazipo, tukanunue nje. Mzee ambaye sauti yake inasikika redioni kila Jumapili anakunja cheti chake cha dawa na kurudi nacho nyumbani.

Mwenzetu akizidiwa, tunapitisha daftari la michango. Akifa, hapo magari hujaa, maturubai hufungwa na rambirambi husomwa. Kwa heshima zote, Mheshimiwa, tunaomba sehemu ya rambirambi hizo itufikie tukiwa hai. Mwaka 2013 kijana wetu Diamond Platnumz alimzawadia Maalim gari, na tendo hilo tutalishukuru daima. Hata hivyo, matibabu ya mtu aliyelitumikia taifa kwa nusu karne hayafai kusubiri ukarimu wa mtu mmoja.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia aliahidi kadi za bima mbele ya hadhara hii hii, na tukampigia wimbo. Tukaandika majina, tukapiga picha za pasipoti kwa fedha zetu, tukapeleka orodha ofisini. Tulipofuatilia tuliambiwa tusubiri, kisha simu ikawa haipokelewi. Baadhi ya waliopiga picha zile tumeshawazika. Hatusemi haya kukulaumu wewe, Mheshimiwa, maana hukuwepo. Tunayasema ili ujue kwa nini safari hii makofi yetu yatakuwa mepesi mpaka tuone kadi.

Kwa hiyo tunaomba ututeulie leo, kabla hujaondoka, afisa mmoja wa kushughulika nasi, kwa jina na namba ya simu. Tunaomba pia utusemee kwa wahusika wa hakimiliki, ili sehemu ya mirabaha ya nyimbo zetu zinazopigwa redioni na kumbini ilipe michango ya bima hiyo. Hapo tutakuwa tunatibiwa kwa jasho letu wenyewe.

Orodha mpya ya majina, yenye picha na sahihi, tunakukabidhi pamoja na risala hii. Nakala tumebaki nayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.