Mshindani wa Boeing na Airbus apimwe kwa vipuri, si kwa bendera

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nichangie mjadala uliozuka baada ya makala mliyochapisha kuhusu C919, ndege ya abiria inayoundwa China. Wasomaji walioandika kabla yangu wamegawanyika makundi mawili: wapo wanaoshangilia kwamba enzi ya Boeing ya Marekani na Airbus ya Ulaya imefika ukingoni, na wapo wanaoibeza ndege hiyo wakisema ni vipande vya wenzao vilivyoungwaungwa na kupakwa rangi mpya. Mimi nimefanya kazi ya ufundi wa ndege kwa zaidi ya miaka thelathini hadi nilipostaafu, na naona makundi yote mawili yanaitazama ndege hii ikiwa angani tu. Ndege ya biashara hujulikana thamani yake siku inapolala chini, abiria wamejaa ukumbini, rubani anatazama saa na fundi hana kipuri.

Tuanze na wanaobeza, kwa sababu hoja yao ndiyo inayosikika zaidi. C919 haikuota kama uyoga. Mwezi Septemba 1980 Wachina walirusha mjini Shanghai ndege ya injini nne iliyoitwa Y-10, ikafika hadi Lhasa, kwenye milima ambako hewa ni nyepesi na injini hupata taabu, lakini mradi ukafungwa katika miaka hiyohiyo ya 1980 bila ndege hata moja ya aina hiyo kuingia katika biashara. Baadaye mafundi wa Shanghai waliunganisha ndege za Kimarekani za MD-80 kwa mkataba na kampuni ya McDonnell Douglas. COMAC, kampuni ya serikali inayounda C919, ilianzishwa mwezi Mei 2008, na ndege yake ndogo ya ARJ21, ambayo sasa inaitwa C909, ilipaa kwa mara ya kwanza mwezi Novemba mwaka huohuo. Ilianza kubeba abiria Juni 2016. Hiyo ni miaka zaidi ya saba ya kurusha, kupima, kurekebisha na kupima tena, na mtu aliyewahi kusimama karibu na ndege ya majaribio anajua kwamba miaka ya namna hiyo ndiyo inayozaa mafundi. C919 yenyewe ilipaa tarehe 5 Mei 2017, ikapata hati ya usalama ya mamlaka ya China Septemba 2022, na tarehe 28 Mei 2023 ikafanya safari yake ya kwanza ya kibiashara, kutoka Shanghai kwenda Beijing, chini ya shirika la China Eastern.

Anayedhani kufika hapo ni jambo dogo na aitazame Japani. Mitsubishi, kampuni ambayo hakuna anayeweza kuidharau kwa uhandisi, ilirusha ndege yake ya abiria mwezi Novemba 2015, ikahangaika nayo kwa miaka, na mwezi Februari 2023 ikatangaza kuuacha mradi bila kumkabidhi mteja ndege hata moja. Kanada nayo iliunda ndege nzuri sana, CSeries ya Bombardier, lakini gharama zikaielemea kampuni hiyo hadi mwezi Julai 2018 udhibiti wa mradi ukaenda kwa Airbus, na leo ndege hiyo inaitwa A220. Ndege ilikuwa nzima. Aliyeiunda ndiye aliyeishiwa nguvu kabla haijamlipa.

Ni kweli kwamba injini za C919 ni LEAP, zinazoundwa kwa ubia wa General Electric ya Marekani na Safran ya Ufaransa, na kwamba mifumo mingine muhimu ndani yake inatoka kwa kampuni za Marekani na Ulaya. Lakini A300, ndege ya kwanza kabisa ya Airbus iliyopaa mwaka 1972, nayo iliruka kwa injini za General Electric, na hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba si ndege ya Ulaya. Kubuni ndege ni kuamua bawa liwe na umbo gani, uzito ukae wapi, mfumo mmoja ukifa upi uushike mzigo, kisha kuvilazimisha vitu vilivyotoka kwa waundaji wengi vifanye kazi kama mwili mmoja. Hiyo ndiyo kazi, na COMAC wameifanya.

Injini za kigeni zina hatari ya aina nyingine, na hapo wanaobeza wangekuwa na hoja kama wangeitaja. Mwezi Mei 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha vibali vya kuiuzia COMAC injini, ikavirudisha Julai. Haikufika hata miezi miwili, lakini kila shirika lenye fikra za kuinunua ndege hiyo liliona jinsi karatasi moja iliyotiwa saini Washington inavyoweza kulisimamisha karakana la Shanghai. China inaunda injini yake, CJ-1000A, na injini ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika ndege. Rolls-Royce, mwundaji wa injini wa Uingereza, ilifilisika Februari 1971 kwa gharama za injini ya RB211, ikaichelewesha TriStar, ndege ya kampuni ya Lockheed ya Marekani iliyokuwa ikiisubiri injini hiyo, na Lockheed ikaishia kuunda TriStar 250 tu kabla ya kuacha kabisa kuunda ndege za abiria.

Sasa nigeukie kundi la wanaoshangilia, maana wao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Wanahesabu oda. Mimi nahesabu maghala.

Kuna usiku ambao sijausahau. Ndege ilikataa kuwasha injini ya pili, tukafuatilia hadi tukalikuta kosa kwenye vali ya hewa ya kuwashia, kitu cha kushika kwa mikono miwili. Ghalani kwetu hakikuwepo. Tukapiga simu shirika jingine, wakatuazima, na saa nane usiku sanduku likafika. Nikafungua: vali nzima, namba ni ileile, mafuta ya kuhifadhia bado yanang'aa juu yake. Lakini kwenye hati iliyoambatana nayo, ile inayothibitisha kwamba kipuri kimekaguliwa na kinafaa kufungwa kwenye ndege, sehemu ya saini ilikuwa tupu. Msimamizi alinitazama, nami nikamtazama. Nikakirudisha sandukuni. Bila saini ile, vali ilikuwa chuma tu, na fundi anayekifunga kipuri cha namna hiyo anaweka rehani roho za watu na leseni yake. Safari ya alfajiri ikafutwa, ya mchana ikafutwa, na hati sahihi ilipopatikana jioni shirika lilikuwa limekwisha kulipia hoteli za abiria, chakula chao na tiketi za mashirika mengine.

Hiyo ilikuwa ndege ya aina inayoruka kila pembe ya dunia, ambayo vipuri vyake vinaweza kuazimwa kwa jirani usiku wa manane. Atakayenunua ndege ya mwundaji mpya hatakuwa na jirani. Mexico walilionja hilo. Shirika la Interjet lilinunua ndege za Urusi za Superjet 100, zilizosifiwa kwa starehe na bei, na kwa muda zikaruka vizuri. Kisha injini zikahitaji matengenezo makubwa, vipuri na injini za akiba zikawa adimu, na ndege zikaanza kuegeshwa moja baada ya nyingine, nyingine zikivuliwa vipuri ili wenzake ziruke. Hazikuanguka kwa ubovu wa bawa wala wa usukani. Ziliuawa na ghala tupu.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama China inaweza kuwa mshindani wa kweli, nakumbuka jinsi Airbus yenyewe ilivyoingia sokoni. Katikati ya miaka ya 1970 Airbus ilipitisha zaidi ya mwaka mzima bila kuuza ndege mpya, na watu wazito wa Marekani waliicheka kama mradi wa fahari ya kisiasa, maneno yaleyale yanayosemwa leo juu ya COMAC. Mwaka 1977 Airbus ikaliazima shirika la Eastern Air Lines la Marekani ndege nne za A300 kwa miezi sita bila malipo ya kukodi, wazitumie kwenye njia zao wenyewe, kwa marubani wao na mafundi wao, waone. Mwaka uliofuata Eastern ikaagiza ndege 23. Airbus haikushinda kwa hotuba. Ilikubali ndege zake zichakazwe mbele ya macho ya mteja asiyeiamini, na ikasimama nazo. Natamani kwa moyo wote COMAC wawe na ujasiri wa namna hiyo nje ya soko lao la nyumbani, ambako mashirika makubwa ni ya serikali na ununuzi wake hauwezi kutuambia mengi.

Hati za kigeni nazo zina uzito wake. Hadi sasa C919 inaruka kwa hati ya China. Wakala wa Usalama wa Anga wa Ulaya unaikagua, na mkuu wake alisema mwaka 2025 kwamba kazi hiyo ingechukua kati ya miaka mitatu na sita. Wapo wanaosema huo ni ujanja wa kuilinda Airbus. Sikubaliani nao. Mkaguzi asiyemjua mwundaji huuliza maswali ambayo mkaguzi wa nyumbani ameyazoea hata hayaoni, na baada ya yaliyotokea kwa ndege ya 737 MAX ya Boeing hakuna mamlaka yenye haki ya kukagua kwa haraka. Watu 189 walikufa Indonesia Oktoba 2018, na 157 wakafa Ethiopia tarehe 10 Machi 2019, katika ndege ambayo mamlaka ya Marekani ilikuwa imeachia sehemu kubwa ya ukaguzi mikononi mwa kampuni iliyoiunda. Siku iliyofuata ajali ya pili China ilizizuia ndege zote za aina hiyo kuruka, kabla ya Marekani yenyewe. Uangalifu ule waliowadai wenzao ndio wanaodaiwa leo.

Na ni hayohayo ya 737 MAX yanayonifanya niwatakie mafanikio. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tangu Boeing iinunue McDonnell Douglas mwaka 1997, mnunuzi wa ndege kubwa ya abiria amebaki na milango miwili ya kubisha hodi, na kwenye mlango wa Airbus pekee zaidi ya ndege 8,000 zilizoagizwa zinasubiri kuundwa. Mteja anayejua kwamba akiondoka atakaa mwisho wa foleni ya miaka haondoki, hata akiudhiwa, na mwundaji anayejua hivyo hana haraka ya kusikiliza malalamiko ya fundi. Mlango wa tatu ungebadilisha mazungumzo hayo yote, hata kwa mashirika ambayo hayatanunua C919 kamwe.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mwandishi wenu atakayeendelea na habari hii asiishie kwenye hafla za kutia saini mikataba. Ipo sehemu moja ya kuanzia. Shirika la TransNusa la Indonesia lilipokea ARJ21 yake ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2022, na ndilo la kwanza nje ya China kurusha ndege ya COMAC kwa biashara. Aende akazungumze na mafundi wa zamu ya usiku, si na wakurugenzi. Awaulize ndege hizo huruka saa ngapi kwa siku, injini ya akiba iliyo karibu iko wapi, na mara ya mwisho ndege ilipolala chini kipuri kilitoka wapi, kilichukua saa ngapi kufika, na hati yake ilikuwa na saini ya nani.

Fundi mitambo wa ndege, mstaafu