Mwanasha, usifaili nil

Mombasa, 9 Juni 2025

Shoga yangu Mwanasha,

Idd imekwendaje huko Malindi? Hapa kwetu mbuzi hakuona jua la pili, na mikono yangu bado inanuka moshi. Lakini sikuandikii habari za nyama. Tangu ulipokata simu jana usiku kuna neno limenikaa kichwani: ulisema utakwenda kwa yule kijana wa saiba akufailie nil, yaani ritani ya kodi inayosema hukupata kipato chochote, kwa shilingi mia mbili, "si sina kazi bado?"

Usiende. Au nenda, lakini si kwa hiyo nil.

Ritani tunayofaili mwezi huu si ya leo. Ni ya mwaka 2024, Januari hadi Desemba, na mwaka huo ulifanya kazi miezi sita. Nakumbuka barabara, kwa sababu barua ya kusimamishwa walikupa wiki ileile vijana walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Ulinipigia ukilia, nami nikadhani ni gesi ya machozi. Miezi hiyo yote sita mwajiri wako alikuwa akikukata PAYE, ile kodi ya mshahara, na kila alipopeleka hesabu zake KRA, kwa watu wa kodi, aliandika PIN yako ya kodi na mshahara wako. Sasa wewe uende ukaandike kwamba hukupata hata ndururu? Utakuwa umesema uongo, tena uongo wa kujitia hasara mwenyewe, maana pale kuna pesa zako.

Nikueleze vile nilivyoielewa mimi. Kodi hii hupimwa kwa mwaka lakini hukatwa kwa mwezi. Mhasibu anapokaa mwisho wa mwezi, anakuhesabu kana kwamba mshahara huo utaupokea miezi yote kumi na miwili. Shilingi 24,000 za kwanza anazitoza asilimia 10, zile 8,333 zinazofuata asilimia 25, na kwa mshahara kama wako zinazobaki zote ni asilimia 30. Kisha anakupunguzia 2,400, ile afueni ya kila mkaazi. Ulinitajia kwamba ukishatoa NSSF, ile akiba ya uzeeni, ulikuwa unabakiwa na 60,000 za kutozwa. Nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya risiti ya bucha: 2,400, na 2,083, na 8,300, jumla 12,783. Toa afueni, inabaki 10,383. Hiyo ndiyo waliyokuwa wakikukata kila mwezi, achilia mbali vijisenti vya afueni ya NHIF, ile bima ya afya ya zamani, na ya makato ya nyumba. Mara sita, 62,300 hivi.

Sasa pima kwa mwaka. Mwaka mzima ulipata 360,000, basi. Kwa mwaka, 288,000 za kwanza ni asilimia 10, yaani 28,800. Zinabaki 72,000, nazo ni asilimia 25, yaani 18,000. Ile asilimia 30 hukuifikia kabisa, ila kila mwezi walikutoza. Jumla ni 46,800. Afueni ya mwaka ni 28,800, nayo unaipata nzima hata kama nusu ya mwaka ulikuwa nyumbani, maana ulikuwa mkaazi wa nchi hii mwaka mzima. Kwa hiyo kodi yako ni 18,000.

Walikata 62,300. Tofauti, shoga, ni 44,300. Nilirudia hesabu mara mbili, kisha nikamwita Baba Salim aikague, naye akanyamaza kidogo akauliza kama wewe ndiye uliyetuazima pesa za gesi mwezi uliopita. Nikamwambia ndiye.

Hakuna aliyekuibia, lakini. Mhasibu hakuwa mtabiri kujua kwamba Julai hutakuwepo. Ndiyo maana kuna ritani. Sisi tumeizoea kama adhabu tu, kitu cha kukimbilia tarehe 30 Juni usiku ili usipigwe faini ya 2,000 (au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ikiwa hiyo ndiyo kubwa), na hatukai kutazama kama sisi ndio tunaodai.

Halafu kuna ile bima ya elimu ya Salma, unayolipa 3,000 kila mwezi moja kwa moja kutoka benki. Mwajiri hakuijua, kwa hiyo haimo kwenye P9 yako, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya kila mwezi. Bima ya elimu inayokwenda miaka kumi au zaidi inakupa afueni ya asilimia 15 ya ulicholipa, mradi afueni yenyewe isizidi 60,000 kwa mwaka. Ulilipa 36,000, hapo umepata 5,400 nyingine. Waombe kampuni ya bima cheti cha kodi cha mwaka 2024. Usipokuwa nacho usiijaze, watakurudisha. Kuhusu makato ya nyumba na ya SHIF, bima ya afya iliyokuja baada ya NHIF, kutolewa kabla ya kodi kupigwa, hayo yalianza 27 Desemba 2024, wewe ulishaondoka zamani. Yatakufaa Mungu akikujalia kazi nyingine.

Sasa sikiliza yaliyonipata mimi, usije ukafanya vile. Mwaka nilioacha kazi ya hoteli nami nilidai, yangu ilikuwa 19,000 na ushee. Nikajaza, nikaambatisha P9, nikakaa nikisubiri. Mwisho nikaambiwa hesabu hazilingani. Kumbe P9 niliyopewa mkononi ilionyesha miezi saba, lakini kwenye orodha ambayo hoteli ilikuwa ikipeleka nilikuwemo miezi mitano tu. Nilirudi pale mara tatu. Mara ya kwanza mhasibu alikuwa anakula mahamri, akaniambia mtandao uko chini. Mara ya pili alikuwa likizo. Mara ya tatu nilikwenda na payslip zote kumi na nne za mwaka ule na wa nyuma yake, nikazipanga mezani kwake moja moja kama karata, na sikuinuka. Alirekebisha kabla ya saa sita. Baada ya hapo pesa ziliingia, nikanunua ile friji unayoiona.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza chochote, ingia iTax, mtandao wa KRA, uangalie ile fomu inayokuja ikiwa imejazwa tayari, uilinganishe na P9, mwezi kwa mwezi. Ikiwa Machi haimo, anzia kwa mwajiri. Na kama hawajakupa P9, waandikie baruapepe leo. Ni haki yako hata kama mliachana vibaya. Akaunti ya benki iwe yenye jina lako mwenyewe, si ya mama, na usitegemee M-Pesa. Ukishafaili haijaisha: mle ndani kuna sehemu ya kuomba kurejeshewa, lazima uiombe na uambatishe karatasi zako. Sheria inampa Kamishna wa kodi muda wa kuamua, kwa hiyo usianze kuahidi watu pesa hizo.

Mwambie na kaka yako, yule anayefundisha vyuo viwili, asishangae yake ikija kinyume. Vyuo vyote viwili vinampa ile afueni ya 2,400, na mtu mmoja ana haki ya moja. Ataambiwa alipe. Atapiga kelele, wewe mwache tu.

Yule kijana wa saiba simchukii, ila nimeona anavyofanya. Ana daftari la mistari limejaa nywila za watu, na kila anayeketi anamuuliza swali moja: "Uko job?" Ukisema hapana, tayari ashabonyeza nil. Hakuulizi mwaka jana ulikuwa wapi.

Nipigie leo baada ya magharibi ukiwa na P9 mkononi, tuijaze pamoja. Mimi nitakuwa kwenye kompyuta ya Salim. Umsalimie mama. Achari zimefika, chupa moja imevuja ndani ya basi na mfuko wangu wote sasa unanuka ndimu, lakini hiyo nyingine tumeshaifikisha nusu.

Wako,
Zuhura